Kinyume na mazoea, ila mazoea ya nani?

Juzi nipo saluni, kwenye runinga wameweka Darr, ile filamu ya Kihindi ya Shah Rukh Khan anamfuatafuata Juhi Chawla kama kivuli na kigugumizi chake cha K-k-k-Kiran. Jamaa wa kiti cha pembeni akasema kwa kujiamini kabisa, "hapa ndo walimpanga kinyume na mazoea, mtu wa mapenzi kapewa uadui". Saluni nzima ikaitikia. Mi nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni, ila hili neno nimeshalisikia likitupwa hovyo mara nyingi mno, sasa wembe haupo.

Maana yake haina mambo mengi. Muigizaji anajulikana kwa aina fulani ya uhusika, iwe stelingi mpole, adui, baba mkali au mchekeshaji, afu dairekta anampa kwa makusudi uhusika wa upande wa pili, akijua mtazamaji atakaa kwenye kiti akiwa na ile picha ya zamani kichwani. Basi. Ukitoa makusudi, au ukitoa ile picha ya zamani, hamna kitu.

Wenzetu wa Kiingereza neno lao la mtu aliyenasa kwenye uhusika mmoja linatokana na maneno mawili, taipu na kasti. Taipu asili yake ni Kigiriki, typos, yaani pigo, au ile alama inayobaki ukishagonga, kama mhuri, na baadaye ikawa jina la zile herufi za chuma za kupigia chapa. Kasti ni neno la watu wa kaskazini ya Ulaya, maana yake kutupa, likaja kuwa pia kumwaga madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu yagande, na kugawa nafasi za maigizo nako wakakuita hivyohivyo. Kwa hiyo wakisema muigizaji fulani ni taipukasti, unaweza kuona kabisa mtu kamwagwa kwenye kalibu, kaganda herufi A, na herufi A hata uigonge mara elfu haitatoa B. Sisi neno letu ni mazoea, na mi naona limewashinda, kwa sababu lao linamtazama muigizaji aliyeganda, la kwetu linamuuliza aliyezoea ni nani. Ni mimi na wewe tuliokaa kwenye benchi. Kalibu iko kichwani mwetu.

Ukitaka kuona kitu chenyewe kikifanyika sawasawa, nenda kwa Henry Fonda. Huyu Mmarekani kwa miaka karibu 30 alikuwa sura ya mtu mwema, kamcheza Lincoln kijana mwaka 1939, mwaka 1957 kwenye 12 Angry Men ndo yule mzee wa baraza mmoja anayegoma kumtia hatiani kijana wa watu wakati wenzake 11 wanataka kumaliza waende zao. Dairekta Sergio Leone akamchukua kwa ajili ya Once Upon a Time in the West ya 1968 awe muuaji. Fonda mwenyewe alisimulia kwamba alifika na masharubu na lensi za kahawia machoni ili afanane na adui, Leone akamwambia toa vyote. Alikuwa anayataka yaleyale macho ya bluu. Familia imeshapigwa risasi, kabaki mtoto mdogo, kamera inazunguka taratibu kumuonesha kiongozi wa wauaji, unakuta ni Fonda, anatabasamu, na mtoto anapigwa risasi. Bila ile miaka 30 ya wema hiyo sini ni ya kawaida tu.

Sasa ona watu wanavyochanganya. Charlize Theron kwenye Monster ya 2003 kaongeza kilo, kapakwa vitu usoni hadi hafahamiki, watu wanasema "kinyume!" kwa sababu ya sura. Kujibadilisha sura ni kazi nyingine, Fonda wala hakubadilika unywele. Kuna na yule aliyepewa nafasi ikampwaya kama kanzu ya kuazima, huyo kakosewa tu, msimpambe. Halafu kinyume chenyewe kinachuja. Leslie Nielsen alikuwa mtu wa sura kavu na uhusika mzito, mwaka 1980 kwenye Airplane! akawekwa kwenye vichekesho na ukavu wake uleule, watu wakafa kwa kucheka, ila kufika The Naked Gun ya 1988 hakuna cha kinyume tena, hiyo ndo ilishakuwa kazi yake.

Turudi saluni. Darr imetoka 1993. Mwaka huohuo Shah Rukh Khan katoka na Baazigar, anamsukuma Shilpa Shetty kutoka juu ya ghorofa. Mwaka 1994 Anjaam, kichaa wa mapenzi tena, na hiyo ikampa tuzo ya Filmfare ya adui bora. Ni kweli kabla ya hapo, 1992, alishacheza uhusika laini laini, ila alikuwa mgeni, hakuna aliyekuwa amemzoea. Yule Raj wa Dilwale Dulhania Le Jayenge, yule mwenye mandolini, katokea 1995. Ukinibana sana nitakwambia hiyo ya Raj ndo iko karibu zaidi na kinyume kuliko Darr, na humohumo muangalie Amrish Puri, yule adui Mogambo wa Mr. India ya 1987, kawa baba mkali tu wa kawaida, na watu wote tunasubiri ubaya wake hadi pale stesheni anapouachia mkono wa binti yake akimbilie treni.

Kwa hiyo kaka wa kiti cha pembeni, kushtuka ulishtuka kweli na sikukatalii. Ila nahisi wewe ulianza na Raj, Darr ukaja kuiona baadaye. Yash Chopra, dairekta wa Darr, hakumpanga mtu kinyume pale, ni kanda ndo zilikufikia kinyume.