Jicho halitolewi likawekwa kwenye sahani

Huku Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba mpaka kwenye boti za Ukerewe, bado kuna watu wanasema kwa uhakika kabisa eti ukipasuliwa macho daktari analitoa jicho, analiweka kwenye sahani, analisafisha alafu analirudisha. Hapana jamani. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni moja unaopeleka picha kwenye ubongo, ukikatwa hauungiki tena, kwahiyo jicho likishatoka ndo basi.

Inaniuma sababu watu wanakimbia matibabu kwa uoga huu. Chukulia vile vivimbe vya nadra vya mishipa ya damu kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, vinavuja maji, alafu utando mwembamba unaota juu ya retina, unajikunja na kuvuta, mtu anaanza kuona fremu ya mlango imepinda. Hata hapo jicho linabaki palepale: daktari anatoboa vitundu vitatu visivyofika milimita moja kwenye weupe wa jicho, anatoa ute wa ndani, anabandua utando taratibu kwa kibanio kidogo sana huku anaangalia kwa darubini, na uvimbe wenyewe unaweza kugandishwa au kuchomwa kwa leza. Daktari wa macho Robert Machemer alianza upasuaji wa aina hii Miami, Marekani, mwaka 1970.

Jicho kutolewa kweli kupo, mfano retinoblastoma, saratani ya watoto wadogo, na hapo halirudishwi, mtoto anawekewa la bandia. Mboni ikiwaka nyeupe kwenye picha ya flashi, usingoje, mpeleke hospitali ya Bugando.