"Sindano ya aleji" ni ipi hasa?

Msimu wa kurina asali ukifika huku Tabora, vijiweni utasikia: "Kaumwa na nyuki akazima kabisa, bahati wakamuwahi na sindano ya aleji." Uliza sindano gani, utajibiwa: si ya aleji, bwana!

Anafilaksia ni mzio, yaani aleji, unaoukamata mwili mzima kwa muda mfupi, mara nyingi ndani ya dakika chache, ukabana njia ya hewa, ukashusha presha, au vyote kwa pamoja. Huletwa na nyuki, karanga, hata dawa kama penisilini. Tiba yake ya kwanza ni adrenalini, ambayo Wamarekani huiita epinefrini. Kuna kifaa mfano wa kalamu kinachobeba dozi iliyokwisha kupimwa: unakikandamiza ubavuni mwa paja, hata juu ya suruali, sindano inatoka yenyewe. Ya mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 0.3, ya mtoto wa kilo 15 hadi 30 ni 0.15. Maana ndiyo hiyo.

Sasa hiyo "sindano ya aleji". Jina moja limebebeshwa dawa tatu. Piritoni hutuliza muwasho na vipele, basi. Koo lililovimba hailifungui, presha haiipandishi. Haidrokotisoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na mgonjwa huyu hana hizo saa. Adrenalini ndiyo inayokaza mishipa ya damu iliyolegea, ikapanua mirija ya mapafu na kupunguza uvimbe kooni, tena kwa dakika chache. Anayepewa Piritoni huku sauti imeshaanza kukwama anacheleweshwa tu. Na vipele vikififia, waliomzunguka hushangilia kwamba amepona, kumbe presha inazidi kushuka.

Wapo pia wanaoiogopa adrenalini kwa sababu mgonjwa akichomwa hutetemeka na moyo humwenda mbio. Ndivyo dawa hii inavyofanya, na hali hiyo hupita. Hata nguvu yake hupita upesi, ndiyo maana dozi ya pili hutolewa baada ya dakika tano au zaidi kama hali haijatengemaa, na hospitali ni lazima hata akijisikia mzima, kwani mzio huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Halafu kuna hoja ya "huyu mrina asali wa siku nyingi, nyuki hawamwezi". Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliwachoma mbwa sumu ya viumbe wa baharini. Mbwa waliostahimili dozi ya kwanza walikufa kwa dozi ndogo tu waliporudiwa wiki kadhaa baadaye. Jina anafilaksia lilitoka hapo, na Richet akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kwa hiyo kuumwa jana bila madhara si hati ya usalama. Aliyevamiwa na kundi zima anaweza kuzidiwa na sumu yenyewe bila mzio wowote. Mwenye mzio, nyuki mmoja anamtosha.

Na jamani, ile ya kumpakata mgonjwa katikati kwenye bodaboda, shingo inaning'inia! Presha ikishuka, kumkalisha wima kunaunyima moyo damu. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akiwa anahema kwa shida, aketi huku miguu imenyooshwa. Kama kuna gari au bajaji ya kumlaza, isubirini kidogo hiyo.

Kalamu zenyewe huku kwetu ni adimu, lakini adrenalini ya kichupa cha kioo ni dawa ya siku nyingi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mkimfikisha zahanati msiseme "ana aleji" mkakaa kwenye benchi kungoja zamu. Semeni: ameumwa na nyuki, anakosa pumzi, anaishiwa nguvu. Kisha muulizeni daktari au nesi, kwa adabu, kama adrenalini ipo.