Liemba haikuzaliwa manowari

Juzi tena, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kigoma, kuhusu Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: "Liemba ilikuwa manowari ya Mjerumani, Mwingereza akaigeuza ya abiria." Jamani, mara ya ngapi hii?

Ni kinyume chake. Meyer wa Papenburg waliijenga 1913 ya abiria na mizigo, jina lake Graf von Goetzen. Ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar, reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshapamba moto, basi ikafungiwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg kule Rufiji, ikawa inavusha askari. Hilo limepita.

Kinachoniudhi ni huu mzinga. Watu wanadhani ukishaufunga, tayari una manowari. Kuufunga ni kazi ndogo! Sitaha ya abiria imepigiwa hesabu ya uzito uliotawanyika, mzinga unakandamiza mahali pamoja na ukifyatuka unasukuma nyuma. Unasimamisha nguzo chini yake, uzito unashukia kwenye mbavu za meli, umemaliza. Lakini bamba la ubavuni ni lile lile jembamba, si la manowari.

Kazi ni watu. Shehena ukiifunga ngamani, chini tumboni mwa meli, inatulia. Mtu hatulii: anapanda juu kutafuta upepo, na kitovu cha uzito kinapanda naye, meli inakuwa nyepesi kulala. Uliwahi kuiona Liemba ikisimama kwenye vijiji visivyo na gati? Mitumbwi inakuja, abiria wote wanakimbilia ubavu mmoja, meli inalala, chai inakaribia ukingo wa kikombe. Sasa hao wape bunduki na mafurushi, giza limeingia, halafu mmoja apige kelele kwamba kaona boti ya Mbelgiji, adui wa ng'ambo ya ziwa.

Darasani tunamwandikia kila abiria kilo 75 na kusonga mbele. Namba hiyo naitumia, lakini siiamini sana. Sijamwona bado abiria wa Kigoma aliyepanda mikono mitupu.

Na mzinga wenyewe? Mwaka 1916 uling'olewa ukapelekwa nchi kavu, pakawekwa wa mti. Manowari yenu hiyo! Julai 26 mwaka huo Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza tena kubeba abiria, kwa mvuke, mpaka miaka ya 1970.