Bustani ya Mboga ya Masika Huandaliwa Kiangazi

Katika maeneo ya Tanzania yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, yakiwemo mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam, visiwa vya Unguja na Pemba, pamoja na Kilimanjaro na Arusha, mvua za masika kwa kawaida huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Kaya nyingi hushika jembe baada ya mvua ya kwanza kunyesha. Kwa bustani ya mboga huko ni kuchelewa, kwa sababu kazi zinazoamua mavuno, yaani kuivisha mbolea, kuinua matuta na kuotesha miche kitaluni, hufanyika vizuri zaidi kabla ya hapo, udongo ukiwa bado haujalowa.

Eneo linalofaa ni lile linalopata jua la kutosha, angalau saa sita kwa siku, lililo mbali na karo la choo, na ambalo maji hayakutuama wakati wa vuli iliyopita.

Mbolea ndiyo inayohitaji muda mrefu kuliko yote. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu, na huweza kubeba vimelea vinavyodhuru mlaji wa mboga zisizopikwa. Kwa hiyo irundikwe mapema pamoja na majani makavu, majani mabichi na mabaki ya jikoni yasiyo na mafuta wala nyama, rundo linyunyiziwe maji kiasi cha kulowa bila kuchuruzika, lifunikwe, na ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Rundo lililoanzishwa Desemba, likitunzwa hivyo, huwa mboji iliyoiva kwa wakati wa masika. Dalili za kuiva ni rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea, harufu ya udongo, na joto lililokwisha kupoa. Changanya kilo 2 hadi 4 za mboji kwa kila mita moja ya mraba, na usiache kipimo hiki hata kama udongo ni wa kichanga kama ule wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, kwani mchanga hupitisha maji na virutubisho kwa haraka na mboji ndiyo huvizuia. Wengi huongeza majivu kwa mazoea. Kwenye udongo wa mawe ya matumbawe ningeshauri yaachwe kabisa, kwa kuwa udongo huo tayari una chokaa nyingi.

Udongo wa mfinyanzi usilimwe ukiwa umelowa, kwa sababu hugeuka mabonge yanayokauka na kuwa magumu. Fumbata kiasi chake kiganjani, kisha ubonyeze kwa kidole: ukisambaratika, unalimika, ukibaki kama tonge la ugali, subiri. Matuta ya masika yawe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na yainuliwe sentimita 20 hadi 30 ili mizizi isizame majini. Penye mteremko yapangwe kukingama nao. Mahali palipowahi kusumbuliwa na minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu iliyobana pembeni, na uliache juani kwa wiki nne hadi sita. Jua kali la Januari na Februari hufaa sana kwa kazi hii.

Sukuma wiki na Chinese husiwa kitaluni takriban mwezi mmoja kabla ya kupandikiza. Mbegu zisibanane, na umwagiliaji ufanyike asubuhi, kwani kitalu kilichosongamana na kulowa usiku kucha hushambuliwa na kinyausi, ugonjwa unaoozesha mashina ya miche karibu na ardhi. Wiki moja kabla ya kuhamisha miche, punguza kivuli na maji kidogo kidogo ili ikomae. Mchicha hausumbui: changanya mbegu zake na mchanga mkavu ili zisambae vizuri, sia moja kwa moja kwenye tuta, na ndani ya wiki nne hivi utaanza kuvuna. Matembele na kisamvu hupandwa kwa vipando mara ardhi inapolowa.

Kuhusu nyanya, ushauri wangu ni kutozipanda kwa ajili ya masika, ingawa ndizo zinazotamaniwa zaidi. Unyevu wa msimu huu huchochea bakajani, ugonjwa wa mabaka unaokausha majani, na kaya inayojaribu hujikuta ikipuliza dawa mara kwa mara karibu na jiko na watoto. Ni afadhali kusia nyanya mwezi Mei na kuzipandikiza Juni, mvua zikiwa zimepungua, kwenye tuta ambalo halikuwa na bilinganya, pilipili wala mnafu, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na nyanya na huambukizana magonjwa.