Mashine Imezimwa, Mbona Kazi Yangu Bado?

Lalamiko linalotufikia zaidi siku hizi ni hili: mteja anapita karakana yetu ya kuchonga vyuma, anaona mashine tatu zimezimwa, kisha anaambiwa shafti yake itakuwa tayari Alhamisi. Wapo wanaodhani kuna upendeleo. Hakuna. Mashine zipo, wanaopungua ni mafundi wenye idhini ya kuziendesha, na programu yetu mpya ya kupanga ratiba inazingatia vyote viwili.

Chukua fundi mmoja na mashine mbili zinazojiendesha zikishasetiwa. Kila kazi inamtaka dakika 20 za kufunga chuma na kuseti vipimo. Baada ya hapo gia inachongwa kwa dakika 30 na shafti kwa dakika 90 bila yeye kusimama hapo. Akianza na gia, zote mbili zinakamilika dakika ya 130. Akianza na shafti, dakika ya 110. Fundi yuleyule, mashine zilezile. Mwenye gia, ambaye huenda ndiye aliyetangulia kufika, atasubiri dakika 20 zaidi, lakini kama tarehe yake imetimizwa hajaonewa. Tumelieleza hili mara nyingi: foleni yetu inafuata tarehe ya kukukabidhi kazi iliyokamilika, si saa uliyofika getini.

Kazi mbili unazipanga kichwani. Kazi 10 kwenye mashine moja zina mipangilio 3,628,800, kabla hujagusa suala la mafundi. Tatizo maarufu la kupanga ratiba ya kazi 10 kwa mashine 10, lililochapishwa mwaka 1963, jibu lake bora lilithibitishwa mwaka 1989. Kwa hiyo programu haikagui kila mpangilio. Inaanza na ratiba inayotekelezeka, inabadilisha nafasi za kazi mbili au kumhamisha fundi, inapima ucheleweshaji, kisha inajaribu tena. Huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya karibuni isije ikazunguka palepale, mbinu aliyoianzisha mtafiti Fred Glover mwaka 1986. Ratiba inayopatikana ni nzuri; hatudai kuwa hakuna inayoizidi.

“Si mafundi wakeshe?” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na jumla kwa siku isizidi 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Mipaka hii imo ndani ya programu na msimamizi haruhusiwi kuiondoa.

Mteja anayebadilisha mchoro baada ya kusaini fomu ya kazi anapoteza nafasi yake, na kazi inapangwa upya asubuhi inayofuata. Tafadhali msiwapigie mafundi simu. Kila fundi anapoacha kazi iliyopangwa ili afunge ya anayemfahamu, tarehe za wengine zinasogea. Dharura, kama pampu ya maji ya kijiji, iombwe kwa barua kwa mkuu wa karakana kabla ya saa 4 asubuhi.