Vinyama vya utumbo mpana na kile tunachokula

Kinyama kinachosemwa hapa ni uvimbe mdogo unaoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Kingine hukaa bapa kama kipele, kingine huning'inia kwenye kikonyo kama uyoga. Madaktari hukiita polipu. Vingi havina neno, ila aina iitwayo adenoma haipuuzwi, kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo. Huchukua muda, mara nyingi miaka 10 au zaidi, na adenoma nyingi haziufikii ubaya huo. Kwa kawaida kinyama hakiumi. Mwenye nacho anakula na kulala vizuri, hana habari.

Chakula kinaingiaje? Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Maradhi ya utumbo yaliyokuwa ya kila siku Ulaya, huku aliyaona kwa nadra. Baadaye akasema siri iko kwenye nyuzinyuzi, yaani sehemu za nafaka, kunde na mboga ambazo tumbo haliwezi kumeng'enya: choo kinakuwa kingi, laini, na hakikawii njiani.

Hoja yake haikuwa kamili, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliipa uzito. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Mwanzoni, Wamarekani 9 walikutwa na polipu; upande wa pili hakuna hata mmoja. Wamarekani walipopandishwa hadi gramu 55 hivi za nyuzinyuzi kwa siku na kupunguziwa mafuta na nyama, uvimbe-joto wa ukuta wa utumbo, yaani ule mwasho wa ndani (si kinyama chenyewe), ulishuka. Wenzao waliohamia baga na chipsi walikwenda kinyume.

Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi utumboni. Nyuzinyuzi zikiwafikia wanazichachusha na kutoa butireti, aina ya asidi ambayo ndiyo lishe ya seli za ukuta ule. Mlo wa mafuta mengi huvuta nyongo nyingi, na bakteria haohao huigeuza kuwa kemikali zinazochokoza ukuta. Soseji na bekoni zina kesi yake: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika.

Hata wanga una la kusema. Ugali wa dona una nyuzinyuzi kuliko sembe, na ugali ukipoa sehemu ya wanga wake hugoma kumeng'enywa, ukawafikia bakteria. Kiporo kinachodharauliwa, kumbe!

Lakini mboga hazifuti kinyama kilichokwisha kuota, na hata kuzuia vipya visiote tena si jambo la hakika. Marekani, watu zaidi ya 2,000 waliokwisha kutolewa adenoma walifuatiliwa kwa miaka minne hivi. Matokeo ya mwaka 2000 yakaonyesha kuwa waliobadilishiwa mlo na wasiobadilishiwa viliwaotea tena karibu sawasawa. Naona miaka minne ni michache kwa jambo linalojengwa kwa miongo. Kilichopo hukatwa kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira wenye kamera. Hiyo damu ya chooni ambayo wengi wetu huisingizia bawasiri, mara nyingine hutoka kwenye kinyama.