Telomia, Kisukari na Ule Msemo wa "Ni Uzee Tu"

Telomia ni nini?

Ni vifuniko vya ncha za kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Seli inapojigawa, vifuniko hivi hupungua kidogo. Vikifupika mno, seli huacha kujigawa au hufa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kueleza jinsi telomia zinavyolinda kromosomu.

Zinahusiana vipi na kisukari?

Tafiti nyingi zimekuta kwamba watu wenye telomia fupi katika chembe nyeupe za damu huwa na kisukari cha aina ya 2 zaidi ya wenzao. Lakini mambo huenda pande zote mbili: sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, yenyewe huchakaza seli na kuzifupisha telomia.

Basi nikapime telomia nijue kama nitaugua?

Hapana. Watu wa umri mmoja hutofautiana sana kwa urefu wa telomia, na kisukari hakitambuliwi kwa kipimo hicho. Pima sukari. Ukiwa hujala tangu usiku, 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, mpaka wake ni asilimia 6.5. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha.

Nina miaka 58. Usiku naamka mara nne kukojoa, kiu haiishi, macho yana ukungu. Si uzee huu?

Usiuite uzee kabla hujapima. Kiu isiyoisha haiji kwa sababu umetimiza miaka 58. Kupungua uzito bila kukusudia hakuji kwa sababu una wajukuu. Miguu kufa ganzi, vidonda kuchelewa kupona, uchovu usiotoka hata ukilala: pima kwanza.

Nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe, kwa sababu nimechoka kumfungua bandeji mtu mwenye kidonda kilichofika mfupani, nikamuuliza ganzi ilianza lini, akanijibu: "Mwaka juzi, nikadhani ni umri." Mguu ule ulikuwa wa kuokolewa mwaka juzi.

Mama yangu naye alikuwa hivyohivyo uzeeni, na hakuwa na kisukari.

Alipimwa? Mara nyingi nikiuliza hivyo, jibu ni hapana. Na kama mama alikuwa nacho bila kujua, hatari yako wewe imeongezeka. Usiuite uzee. Pima.

Mimi sina dalili yoyote.

Wengi wenye kisukari cha aina ya 2 hawana, kwa miaka. Mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani unataka kila mtu aanze kupimwa akifika miaka 35, na majibu yakiwa mazuri arudie angalau kila miaka mitatu.

Vipi vidonge vya kurefusha telomia?

Usipoteze pesa yako. Hakuna kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kuzuia kisukari. Kilichothibitishwa ni hiki: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wenzao wasiofanya hivyo. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, idadi hiyo ilipungua kwa asilimia 71! Wazee ndio walionufaika zaidi, kwa hiyo nisiambiwe kwamba mtu amechelewa.

Nina dalili hizo. Naweza kusubiri mwezi uishe?

Nenda wiki hii. Kama una kidonda mguuni, nenda leo. Na kama kiu na kukojoa sana vimeambatana na kutapika, kupumua kwa kasi, usingizi mzito au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: upelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.